Kona ya Mgeni

Nilipoaga kwetu Njombe kwamba nakwenda kufundisha Kiingereza nchi ya nje, shangazi aliniletea koti la sufu. Shangazi akisikia neno "nje" anaona theluji. Nilimweleza kwamba nakwenda Kongo, kwenye joto, akasema nje ni nje tu, nisimfundishe. Koti lile lilipanda basi hadi Kigoma, likavuka ziwa kwa boti, likakaa siku tatu nyuma ya pikipiki kupita Salamabila katikati ya wachimba dhahabu waliolitazama kwa huruma, na tangu tulipofika Wamaza halijavaliwa hata siku moja. Kuku wa mwenyeji wangu ametotoa vifaranga humo mara mbili. Sijamwambia shangazi.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na cheti changu cha ualimu kilikuwa kimeanza kujikunja pembeni kwa kukaa kwenye bahasha. Miaka minne nilikuwa nafundisha kwa kujitolea, nikiambiwa kila muhula kwamba ajira zinakuja. Zilikwenda kwa wengine. Kisha mjomba wangu, anayeuza vitenge Salamabila, akapiga simu kusema kuna shule ya sekondari Wamaza inatafuta mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu aliyekuwepo ameacha chaki akashika sululu kwenye mashimo ya dhahabu. Sikuuliza mara mbili. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitafuta mimi, si mimi kumtafuta yeye.

Mkuu wa shule, ambaye kule wanamwita prefe, ni mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi hata mvua ikinyesha. Siku ya kwanza alinipa masharti yake bila kuzungusha maneno. Nitafundisha kwa majaribio. Katika muhula wa pili atakuja mkaguzi kutoka mjini, atakaa nyuma ya darasa langu, ataandika. Akiandika vizuri, komite ya wazazi itanibakisha. Akiandika vibaya, nitapanda pikipiki niliyokuja nayo. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, na usiku huo sikulala.

Maana nilikuwa nimewaaga watu. Kanisa zima lilisimama kuniombea. Mtu aliyeombewa na kanisa zima hawezi kurudi baada ya miezi sita akiwa na koti lake mkononi.

Nilipangiwa chumba kwa mama mmoja mjane, mkulima, mwenye binti katika darasa langu la tano. Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, naye aliniita Mwalimu, hata akiwa ananionyesha jinsi ya kuwasha moto wa kuni mbichi. Alisali na Waprotestanti, akaongea Kibangubangu na majirani na Kiswahili na mimi, na hakuniruhusu kushika kitu. Nikishika ndoo, ananipokonya. Nikishika jembe, anacheka. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Mama ulikuwa umefika mwezi wangu wa nne na jembe bado sijalishika, nakula tu wali na sombe, kisamvu cha kwao, iliyong'aa kwa mawese, nanenepa, nasubiri mkaguzi.

Sasa niseme ukweli kuhusu tabia yangu, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa saa, na ni mtu wa kurekebisha wenzangu. Nilifika pale nikijiona nimebeba Kiswahili chote cha dunia kwenye mkoba. Mwanafunzi akisema "mutoto," narekebisha. Akisema "iko mvua," narekebisha. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, wakasimama kila nilipoingia, wakaitikia kwa pamoja, kisha nikageukia ubao nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba madame anaongea kama redio. Nililipeleka hilo kwa prefe, nikitarajia adhabu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akaniambia taratibu kwamba Kiswahili wanacho, wamekuwa nacho tangu kwa mababu zao, na mimi wameniita kwa ajili ya Kiingereza. Nikatoka mle ofisini masikio yakiwaka.

Kitu cha pili kilichonitoa jasho ni fishi. Fishi ni karatasi ya maandalizi ya somo, na kule mwalimu asiye na fishi ni kama padri aliyesahau divai. Kila somo lina fishi yake, na kila fishi ina vyumba vyake: lengo, vifaa, namna ya kuwaamsha wanafunzi, mazoezi. Mimi nilizoea kuingia darasani na kitabu na bahati. Prefe alizirudisha fishi zangu mara tano, mara sita, zikiwa na alama ndogo za penseli pembeni. Ilipofika Krismasi nilikuwa naziandika hata ndotoni, na darasa langu la watu ishirini na sita lilikuwa linaweza kuuliza njia, kuomba chai na kumkemea mwizi kwa Kiingereza. Nikaanza kujisikia salama.

Ndipo mpunga ulipoanza kuiva.

Sikuona hatari yoyote. Njombe tunalima viazi na mahindi, na hakuna ndege anayechimba viazi. Niliona tu kwamba Jumatatu moja darasani walikuwa kumi na saba. Jumanne walikuwa kumi. Jumatano niliingia nikawakuta wanne, na mmoja wao alikuwa na jeraha la mguu. Wote wanne wakasimama wakaniamkia kwa nguvu kana kwamba wako mia. Binti wa Mama naye hakuwepo, na asubuhi ile nilikuwa nimekunywa naye chai.

Nilipandwa na hasira za kweli. Mkaguzi anaweza kuja wiki yoyote, na mimi nitamfundishia viti. Nikatoa jaribio la ghafla na kuwapa sifuri wote ambao hawakuwepo. Nikaandika barua za kuwaita wazazi shuleni, barua ishirini na mbili kwa mkono wangu, na siku ya mkutano nilikaa peke yangu na chaki yangu mpaka saa sita. Hakuja hata mmoja. Nikampelekea prefe orodha ya watoro, nikaomba wafukuzwe kwa siku tatu.

"Madame," akasema, "wako tayari kwenye mashamba. Utawafukuza waende wapi? Wanalinda mpunga, na ndege hawana konje."

Konje ni likizo. Nikasema ndege ni mambo ya wazazi na shule ni mambo yetu. Prefe akakunja ile orodha mara mbili, akaitia kwenye droo, na nina hakika imo humo mpaka leo.

Jioni hiyo Mama alinipakulia kama kawaida. Nilikuwa bado nafoka. Nikamwambia kwamba binti yake amepata sifuri, na kwamba nimesikitika sana kuona hata nyumba ninayolala inaniangusha. Mama alinisikiliza akiwa anasafisha sufuria kwa majivu. Hakukasirika. Alingoja nijaze kijiko.

"Mwalimu, hii muchele uko unakula," akasema, "nani alifukuza ndege yake?"

Kijiko kilikaa hewani. Binti akainamisha kichwa, nikajua anaficha kicheko. Nikamaliza sahani yangu, kwa sababu hasira ni hasira lakini wali wa Mama haubakizwi, na Jumamosi nikaomba nipelekwe shamba.

Mashamba ya Wamaza wakati wa mpunga yameungana, la huyu limegusana na la yule, bonde zima la kijani linalogeuka dhahabu. Katika kila shamba kuna dungu, jukwaa la miti linalomzidi mtu urefu, na juu ya dungu kuna mtoto mwenye kombeo na madongo. Nilidhani kila mtoto anafukuza ndege wake. Sivyo. Ndege wale wadogo wa kahawia huja kwa mamia, na hakuna anayeweza kuwaua au kuwamaliza. Kinachofanyika ni kuwapokezana. Dungu la kwanza likipiga kelele, ndege wanainuka na kuelekea la pili. La pili linapiga, wanakwenda la tatu, hivyo hivyo hadi mwisho wa bonde, mpaka wachoke wakatafute mbegu za majani porini. Dungu moja likinyamaza, ndege wote wa bonde wanatua hapo. Asubuhi kuanzia mapambazuko hadi jua likaze, na tena alasiri. Katikati ya mchana ndege hupumzika vichakani, na watoto nao hulala.

Mama alinipa dungu la chini, kwenye kona ya shamba karibu na kijito. Kazi rahisi, akasema, ni kupiga kelele tu. Nikafikiri, nimepiga kelele madarasani miaka minne bila mshahara, hii nitaimudu.

Niliimudu kama nusu saa. Halafu nikakumbuka madaftari. Nilikuwa nimeyabeba kwenye mkoba, si unajua, mtu wa saa hapotezi wakati. Nikatoa daftari moja, nikasahihisha ukurasa, nikapiga kelele. Nikatoa la pili. Mle ndani nikakuta insha ya kijana mmoja kuhusu mama yake, ya Kiingereza kibovu kitamu sana, nikaisoma yote, nikairudia, nikachukua kalamu nyekundu. Nilichosikia kwanza ni majirani wakiniita kutoka pande zote. Nilipoinua uso, kona yangu ilikuwa inatembea. Ndege walikuwa wamejaa mpaka mabua yameinama, na ile sauti yao ya kumenya punje ilikuwa kama mafuta yanayokaangwa. Nilirusha madongo yote. Nikarusha daftari. Walipoondoka, walikuwa wameshiba.

Mama alifika bila haraka. Alishika shuke moja, akalipitisha kati ya vidole, akapuliza. Yakaruka makapi matupu. Nilianza kuomba radhi kwa Kiswahili changu cha redio, sentensi ndefu zenye viunganishi vyote. Akanikatiza kwa kunishika mkono.

"Hii kona nilipanda juu yako," akasema, yaani kwa ajili yangu. "Mwezi wa kumi na moja, wakati ulikuwa unalilia viazi vya kwenu. Nikasema, huyu mutoto wa watu atabakia, na hana shamba, atakula nini? Njo maana nikaongeza hii kona."

Mwezi wa kumi na moja mimi nilikuwa nahesabu siku za majaribio na kujiuliza kama nitamaliza mwaka. Prefe hakujua, komite haikujua, mimi mwenyewe sikujua. Mama alikuwa ameshapanda. Nilikaa chini pale pale kwenye tope, na sioni aibu kusema kwamba nililia, na nililia vibaya, kwa kamasi. Mama akasema basi, ndege wanarudi, panda juu.

Tangu Jumatatu ile nilichukua zamu ya asubuhi kwenye dungu la chini. Prefe akakubali kuhamishia Kiingereza saa sita mchana, pale pale bondeni, ndege wakiwa wamelala. Nilimwandikia fishi kama kawaida. Penye vifaa nikaandika: dungu, kombeo, madongo. Hakuweka alama yoyote ya penseli. Darasa langu lilirudi lote, ishirini na sita, wakakaa kwenye kivuli na mapindo ya suruali yenye matope. Zile sifuri nilizifuta, nikawaambia nimezifuta, wakapiga makofi matatu ya adabu.

Aliyeanza lile jambo lingine ni binti wa Mama. Alikuwa amechoka na ile "hooo" ya kila siku, na pia alitaka kunichokoza, kwa sababu sifuri yake ilikuwa bado inamuuma. Asubuhi moja akasimama kwenye dungu la juu akapaza: "Go!" Dungu la pili, bila kuambiwa, likajibu: "Went!" La tatu likamalizia: "Gone!" Ndege wakaondoka kama walivyoelezwa. Ndani ya siku mbili bonde zima lilikuwa linafundisha Kiingereza. Asiyejua neno linalofuata ndege wanatua kwake, na hakuna mtihani niliowahi kutunga wenye adhabu ya haki namna hiyo. Wamama waliopita kwenda kuchimba mihogo wakayashika maneno kwa kusikia tu. Nilimkuta Mama jikoni akimfukuza kuku kwenye koti la shangazi kwa sauti ya chini: went, went.

Prefe akatutangazia kwamba mkaguzi yuko ziarani na atafika ndani ya wiki, siku haijulikani. Wakaguzi ni hivyo, akasema. Nikaosha kitenge changu kizuri nikakitundika tayari.

Alikuja Alhamisi, asubuhi, ndege wakiwa wengi kuliko siku zote. Habari ilinifikia kupitia madungu. Dungu la barabarani liliona pikipiki iliyombeba mzee mwenye kofia ngumu na mkoba mweusi mgongoni, likapaza, na neno likashuka bonde kinywa kwa kinywa kama ndege wenyewe: enspekteri amefika. Nyuma yake likaja la pili, kutoka kwa prefe: anataka kuona somo la Kiingereza, sasa hivi, darasani, siyo porini.

Nilishuka ngazi mbili za dungu. Naikumbuka ile ngazi ya pili, ilikuwa na fundo lililonichoma unyayo. Miaka minne ya kujitolea, kanisa zima, koti. Vyote vilikuwa vinanisukuma kuelekea shule. Na juu ya kichwa changu wingu la ndege lilikuwa linatoka dungu la jirani, linakuja kwangu, na baada yangu kulikuwa na shamba la ajuza mmoja asiye na mtoto wa kumsaidia. Nikinyamaza, watatua. Wakitua, hawatatua kwenye kona yangu tu.

Nikapanda tena. Nilipiga kelele hata sijui kwa lugha gani. Niliwapokea wale ndege na kuwapitisha, wakaja wengine, nikawapitisha, na kila nilipotazama njia ya shule nilimwona mkaguzi kichwani mwangu akitazama saa yake. Nafikiri ilikuwa kama nusu saa. Kisha nikaona vichwa vya wamama vinakuja mbio kutoka mashamba ya mihogo, vitenge vimefungwa juu ya magoti, Mama akiwa mbele. Walikuwa wamesikia. Kila mmoja alisimama chini ya dungu lake akamwita mtoto wake ashuke. Mama alipanda ngazi yangu kabla sijashuka, tukagongana kiunoni.

"Kwenda kufundisha," akasema. "Leo kelele ni yetu."

Tulikimbia watu ishirini na saba. Kitenge kizuri kilibaki kwenye kamba. Niliingia darasani na tope mpaka magotini, wanafunzi wakakaa, mkaguzi akiwa kwenye kiti cha nyuma na kalamu yake nyekundu, prefe amesimama kando akiitazama dari. Nikafungua mdomo kuomba radhi kwa kuchelewa. Hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imeishia bondeni. Nilikuwa nimebakiwa na mkwaruzo, kama mlango wa ghala. Mwalimu wa Kiingereza, siku ya kukaguliwa, bubu.

Nikageukia ubao nikaandika swali moja: Where have you been this morning? Nikamnyooshea chaki binti wa Mama. Akasimama. Akatazama mkaguzi, akanitazama mimi, akaanza. Alieleza kwa Kiingereza jinsi ndege wanavyokuja, akakwama penye neno "dungu," akaniangalia, sikuweza kumsaidia. Basi akalizunguka: nyumba ndogo isiyo na ukuta, inayosimama juu ya miguu minne. Mwingine akamdakia kwamba si nyumba, ni kiti cha mfalme. Wa tatu akabisha. Ndani ya dakika kumi walikuwa wanabishana wao kwa wao, kwa makosa mengi na raha nyingi, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nanyoosha chaki tu, huyu, sasa wewe. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile, na sikusema neno.

Walipotulia kidogo ndipo tukasikia. Dirisha letu halina kioo, na upepo ulikuwa unatoka bondeni. Sauti za watu wazima, nene, zisizo na haya, zikapanda moja baada ya nyingine: "Go!" Kimya kidogo. "Went!" Kimya. "Gone!" Ile ya mwisho ilikuwa ya Mama. Ningeijua popote.

Mkaguzi akaweka kalamu chini.

"Wale wanapiga kelele kule ni nani?" akamuuliza prefe.

"Ni komite ya wazazi, monsieur," prefe akajibu, bado anaitazama dari. "Wako kazini."

Darasa lilijitahidi lisicheke, likashindwa. Mkaguzi hakucheka. Akainama akaandika muda mrefu, akaomba fishi zangu, akazisoma moja moja, akafika kwenye ile ya dungu, kombeo na madongo, akalamba kidole, akaendelea. Aliondoka bila kuniambia kitu zaidi ya kwaheri.

Karatasi ilirudi baada ya siku tisa. Kote aliyonipa, yaani alama, ni "Nzuri." Si "Nzuri sana," wala ile ya juu kabisa ambayo prefe anasema hajawahi kuiona kwa macho. Nzuri. Chini yake kwa wino mwekundu: mwalimu anaongea kidogo, wanafunzi wanaongea sana, aendelee hivyo. Na chini yake tena, amepiga mstari: afike kwa saa. Nilimwomba prefe anisomee ule mstari wa mwisho mara mbili, mimi mtu wa saa.

Nilikimbia kumpelekea Mama ile karatasi. Alikuwa anavuna. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaigeuza, akaniuliza kama imeandikwa nibaki. Nikasema ndiyo. Akanirudishia, akasema vizuri, nishike kapu basi.

Nyumba ile ina desturi yake: chungu cha kwanza cha mpunga mpya hakiliwi na mtu ambaye hakufukuza ndege. Hata awe nani. Mama alikipika na mpunga wa kona ya chini, kile kidogo ambacho ndege walikuwa wameniachia, na ulitosha chungu kimoja tu, kisichojaa. Prefe alipita jioni hiyo na suruali yake ya pasi, akidai anasalimia. Mama alimkaribisha kiti, akamuuliza kwa heshima zote kama alipiga kelele mwaka huu. Prefe akasema aliandika barua nyingi na kusaini nyingi. Mama akampa ndizi.

Sisi watatu, Mama, binti yake na mimi, tulikaa tukala wali ule mtupu, bila sombe, bila samaki, kama inavyotakiwa. Sauti yangu ilikuwa imerudi nusu. Wali ulikuwa na harufu ya majani mabichi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mama na nilikuwa nimeyapanga, lakini kila nilipotaka kuanza kinywa kilikuwa kimejaa.

Mama alikwangua chungu, akaniwekea ukoko wote. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye mwiko:

"Mwaka ujao, ile kona niiongeze kidogo?"